Jinsi ya Kumpendekezea Shemeji Muziki Usio na Ngoma

Katika duru za muziki wa majaribio duniani, Tanzania inajulikana kwa kasi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Mwaka 2019 Jay Mitta akafuata na Tatizo Pesa, na tangu hapo kumbi za Ulaya zinatokwa jasho kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Sifa hiyo tunaistahili. Ila nchi hiyohiyo ya muziki wa mbio ina Ufipa, uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambako upepo wa Juni huvuma kutwa, na mtu wa Mwimbi anaweza kukaa nje ya nyumba yake jioni nzima akisikiliza sauti moja tu. Kama kuna mahali ambako ambienti ya giza (dark ambient) na muziki wa mvumo (drone) vinastahili kupata wasikilizaji, ni hapa.

Kinachokosekana ni mapendekezo yenye adabu. Mpenzi wa muziki huu huwa na moyo mkubwa na mbinu mbaya. Albamu mpya inatoka Ijumaa. Kabla Ijumaa haijaisha ameshatupa kiungo kwenye kundi la familia, katikati ya orodha ya michango ya harusi na picha ya ng'ombe aliyepotea, na chini yake ameandika: "Hii ni hatari." Anayefungua ni shangazi peke yake. Anasikia dakika mbili za ngurumo, kisha anapiga simu kuuliza ni nani amefariki.

Ufuatao ni mwongozo wa kumwokoa shangazi, na kuuokoa muziki.

Hatua ya 1: Chagua sikio moja

Usilipendekezee kundi, mpendekezee mtu. Muziki huu humwomba msikilizaji saa nzima ya maisha yake, na hakuna anayetoa saa nzima kwa sababu ya kiungo kilichotumwa kwa watu 46 kwa pamoja.

Shemeji anafaa sana kwa kuanzia. Anakuheshimu kiasi cha kukaa hadi mwisho, na mna utani wa kutosha kwake kukwambia ukweli. Baada ya shemeji, watafute watu ambao kazi yao imeshawafundisha kusikiliza: mlinzi wa usiku, mpiga kinanda wa kanisani, fundi anayejua injini ina ugonjwa gani kabla hajafungua boneti, mama wa mashine ya kusaga. Hawa tayari ni wasikilizaji wa mvumo. Bado tu hawajaambiwa kwamba kuna watu wanaotunga vitu vya namna hiyo, wakavipa majina na kuvitoa kama albamu.

Hatua ya 2: Anza na sauti anayoijua

Usianze na historia, wala na majina ya mitindo. Mpeleke kwenye mashine za kusaga. Zikiwaka mbili jirani kwa kasi zinazokaribiana, simameni katikati msikilize. Sauti moja ikiwa na mitetemo 100 kwa sekunde na nyingine 101, sikio litasikia pigo moja kila sekunde, linalovimba na kunywea, ingawa hakuna mtu aliyepiga chochote. Mapigo hayo ndiyo moyo wa muziki wa mvumo. Mtunzi hushikilia sauti mbili zinazokaribiana, kisha anaziacha zigombane zenyewe mpaka ndani yake zizaliwe sauti nyingine.

Kutoka hapo nendeni ilipo transfoma ya TANESCO, mkisimama mbali kwa usalama. Umeme wetu hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma kilicho ndani ya transfoma hutanuka na kurudi mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo maana transfoma huimba kwa mitetemo 100 kwa sekunde, usiku na mchana, bila kulipwa.

Kama nauli ipo, malizieni Kalambo. Pale mpakani na Zambia mto humwaga maji kwa mdondoko mmoja wa zaidi ya mita 200. Mwaka 2023 watafiti walitangaza katika jarida la Nature kwamba magogo yaliyochongwa na kuunganishwa, yaliyofukuliwa juu kidogo ya maporomoko hayo upande wa Zambia, yana umri usiopungua miaka 476,000. Watangulizi wa binadamu walikuwa wakifanya kazi kando ya mto huo karibu nusu milioni ya miaka iliyopita. Mtu wa Kalambo akiambiwa kwamba sauti isiyokatika ni jambo la kigeni lililoletwa kutoka Ulaya, ana haki ya kucheka.

Shemeji akishasikia hayo matatu, ndipo umwambie kwamba Ufaransa alitokea mama aitwaye Éliane Radigue, aliyetumia sintesaiza moja ya ARP 2500 kutunga kazi ndefu ambazo sauti yake hubadilika taratibu mno, msikilizaji asijue ilibadilika saa ngapi. Mwambie Mwingereza Brian Eno alitoa Music for Airports mwishoni mwa miaka ya 1970 akitaka muziki unaoweza kukaa chumbani bila kumlazimisha mtu. Mwambie Lustmord, mtu wa Wales, alikwenda kutafuta mwangwi kwenye mapango na makaburi ya chini ya ardhi, na mwaka 1990 akatoa Heresy, albamu ambayo wapenzi wengi wa ambienti ya giza huitaja kama msingi wa nyumba. Hayo yanatosha kwa siku moja. Ukiongeza jina la nne, shemeji atakumbuka kwamba ana mbuzi wa kufungia.

Hatua ya 3: Ongea na mama mkwe kuhusu giza

Hapa Ufipa hatua hii hairukwi. Mtanzania wa mbali akisikia Sumbawanga hutaja uchawi kabla ya kutaja mahindi, na mwenyeji wa huku ameshachoka kuulizwa na kila abiria wa basi kama kweli radi hutumwa mchana wa jua kali. Halafu wewe unawasha kitu kinachonguruma chumbani saa nne usiku, taa zimezimwa, na kwenye jalada la albamu kuna fuvu.

Nenda ukamsalimie. "Shikamoo, mama." Subiri marahaba. Eleza mapema kwamba usiku kutakuwa na muziki wa polepole, kwamba hauna maneno, na kwamba akitaka kukaa asikilize anakaribishwa. Taa iwake. Mlango uwe wazi. Kama jalada lina fuvu, chagua albamu nyingine kwa mara ya kwanza.

Hili nalisisitiza kwa sababu minong'ono ya uchawi katika nchi hii imewaumiza wazee wasio na hatia, na hakuna albamu inayostahili kuchochea mnong'ono hata mmoja. Giza la muziki huu ni la usiku wa kawaida: huzuni, uchovu, kukumbuka waliokwenda, kukaa na hofu mpaka ipungue. Kila nyumba inalijua. Ukilieleza hivyo, mama mkwe atakuelewa kuliko vijana wote wa kundi la familia.

Hatua ya 4: Taja saa, mahali na chombo

Pendekezo lisilo na maelekezo ni nusu ya pendekezo. "Sikiliza hii" haitoshi. Sema: "Sikiliza hii kesho jioni, ukishamaliza kula, ukiwa umelala chali, kwa hedifoni, na usiitafute simu mpaka ikome."

Chombo kwanza. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini, na kwenye muziki huu chini ndiko kwenye kazi. Mtu atakayesikiliza kwa spika ya simu atasikia mchakacho wa juu tu, na atakuwa sahihi kabisa akikwambia hakuna kitu. Hedifoni za bei ya kawaida za dukani zinatosha. Sabufa inafaa zaidi, na kinyozi yeyote wa Sumbawanga anayo, ila muombe Jumatatu asubuhi. Jumamosi ni siku ya wateja, na hakuna mteja anayependa wembe upite shingoni huku ukuta unatetemeka.

Halafu bando. Saa moja ya muziki kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58, na kwa kilobiti 320 hufika 144. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni pesa ya mboga. Pakua wewe, mara moja, umwekee kwenye memori kadi. Ukimpa kadi mkononi, umempa pia muda wa kusikiliza bila kuhesabu.

Mwisho, msimu. Novemba hadi Aprili mvua ikipiga mabati, acheni muziki. Bati limeshaanza tamasha lake, hakuna sabufa ya kulishinda, na hamtalipia kiingilio.

Hatua ya 5: Toa albamu moja, inayomfaa aliyepo mbele yako

Hapa ndipo mpenzi wa muziki huu hutaka kumwaga kapu zima. Jizuie. Mtu mmoja, albamu moja. Na kabla ya kuitoa, isikilize mchana, usiku, na siku ambayo huna raha. Albamu mpya ya mvumo haina habari za kuwahi, na mwezi ujao itakuwa na urefu uleule.

Kwa shemeji: Peel ya KMRU. Huyu ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi aliyehamia Berlin, na kwa maoni yangu hakuna msanii wa Afrika Mashariki anayestahili kusikilizwa zaidi katika uwanja huu. Peel ilitoka mwaka 2020 kwa lebo ya Editions Mego, na wimbo wake wa mwisho huchukua zaidi ya dakika 20. Sauti za mazingira zimefunikwa kwa mvumo laini, wala hazitishi mtu. Tahadhari wakati wa kutafuta: utakutana na Joseph Kamaru wawili. Mwingine ni babu yake, nguli wa muziki wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, ambaye mjukuu amekuwa akizitoa upya kazi zake. Wote ni wazuri, ila mzee ana gitaa. Ukimpa shemeji kadi ya babu atasimama kucheza, na itabidi uanze upya na hatua ya pili.

Kwa fundi umeme: Natur, ya KMRU pia, iliyotolewa na lebo ya Touch mwaka 2024. Ni kipande kimoja cha zaidi ya dakika 50, na ndani yake zimo sauti za sumakuumeme, zile ambazo vifaa vyetu hutoa bila sikio la kawaida kuzinasa. Fundi aliyezoea kuitambua transfoma kwa sauti atasikia vitu ambavyo mimi na wewe hatutavisikia. Mwache akufundishe.

Kwa mwalimu wa historia: Temporary Stored ya mwaka 2022. KMRU alichukua rekodi za sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, akazijibu kwa muziki. Swali la nani anamiliki sauti za mababu limewekwa mezani bila hotuba. Darasa la kidato cha nne linaweza kulijadili kipindi kizima.

Kwa muuguzi: FEELING BODY ya Nyokabi Kariũki, mtunzi wa Kenya, iliyotoka mwaka 2023. Aliitunga kutokana na ugonjwa wa UVIKO uliomng'ang'ania kwa muda mrefu, mwili ukikataa kupona kwa ratiba. Aliyekesha wodini atakutana humo na watu anaowajua. Akitaka kupumzika baada ya hapo, mpe peace places: kenyan memories ya mwaka 2022, yenye mwanga zaidi, na ambayo Kiswahili kinasikika ndani yake.

Kwa mpiga kinanda wa parokia: The Sacrificial Code ya Kali Malone, ya mwaka 2019, ambayo ni kinanda cha mabomba kinachobadilisha sauti kwa utulivu mkubwa, au All Life Long ya mwaka 2024, yenye kinanda, sauti za waimbaji na tarumbeta. Mtu aliyewahi kushikilia kodi moja huku kwaya ikimsubiri padre avuke sakristia ataona kwamba ule muda wa kusubiri unaweza kuwa misa yenyewe.

Kwa dereva wa lori: Disconnect, ya KMRU na Mwingereza Kevin Richard Martin, ya mwaka 2024. Ni nzito, ina sauti ya binadamu inayozama na kuibuka. Asikilize akiwa amesimama kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, ambako muda upo wa kutosha. Barabarani, hapana kabisa. Sauti zinazokwenda taratibu hivi zinaweza kumlaza, na familia yake inamsubiri nyumbani.

Kwa kijana mwenye sabufa anayekwambia muziki huu ni wa wagonjwa: Limen ya mwaka 2022, KMRU akiwa na Aho Ssan. Inaanza kwa chini, kisha inapasuka. Akiomba kali zaidi, mwonyeshe Duma, kundi la Nairobi lililotoa albamu yenye jina hilohilo mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes. Hao ni kelele na mbio, kwa hiyo wako ng'ambo ya pili ya mto, lakini huwarudisha vijana wengi upande wetu wakishachoka.

Hatua ya 6: Nyamaza

Bonyeza, kaa, funga mdomo. Usieleze kinachokuja. Usimwangalie usoni kila dakika ukitafuta machozi. Mazungumzo yatakayofuata nimeyasikia kwa namna nyingi, na karibu yote huanza hivi:

"Shemeji, mbona haianzi?"

"Imeshaanza, shem."

"Tangu saa ngapi?"

"Dakika nne zilizopita."

Acha acheke. Usijitetee. Mara nyingi, kati ya dakika ya saba na ya kumi, kicheko kikishaisha na simu ikishawekwa kifudifudi, atasema kwa sauti ya chini kidogo: "Kuna kitu kimeingia kule chini." Amesikia. Hakuna cha kuongeza.

Ikiisha, usimuulize kama ameipenda. Swali hilo humlazimisha akupe jibu la heshima. Muulize amesikia nini. Mmoja atasema treni, mwingine atasema jenereta la hospitali usiku aliojifungua, mwingine atasema hakusikia chochote ila ameacha kuwaza deni. Yote ni majibu sahihi. Na akisema hajapenda, mshukuru kwa saa yake, mpikie chai, mzungumze mambo ya mbolea. Ametimiza wajibu wote wa msikilizaji.

Hatua ya 7: Lipa, na umfundishe kulipa

Wasanii hawa hawapigiwi redioni kila asubuhi, na wengi wao huuza kazi zao wenyewe kupitia Bandcamp. Pale unaweza kusikiliza kabla ya kununua, na siku za Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020, kampuni huacha fungu lake ili pesa nyingi zaidi zimfikie msanii. Kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kupitia huduma ya pesa kwenye simu hufanya kazi hiyo. Kama bei ni kubwa kwa mmoja, changeni watatu. Tunachangia harusi, misiba na vipaimara, na albamu moja kwa msimu haitatuangusha.

Fuata lebo zenyewe ili habari za kazi mpya zikufikie: OFNOT, ambayo KMRU aliianzisha na kuifungua kwa Dissolution Grip mwaka 2023, Touch, Subtext, Editions Mego, na Hakuna Kulala, ndugu wa Nyege Nyege Tapes. Jijini Nairobi ipo Santuri, taasisi inayofundisha vijana wa ukanda huu kutengeneza muziki wa kielektroniki. Hapo ndipo majina ya kesho yanapoanzia.

Hatua ya 8: Rekodi Ufipa

Mapendekezo yote hadi hapa yanatoka Nairobi, Berlin na kwingineko. Hatua ya mwisho ni kugeuza njia. Chukua simu, weka programu ya kurekodi inayohifadhi kwa WAV, fungua ukurasa mpya wa daftari. Visha kipaza sauti cha simu soksi safi ili upepo usikivuruge. Iweke simu juu ya kitambaa, uondoke, usikae karibu ukikohoa. Dakika 20 kwa kila mahali, bila kukatiza: mashine mbili za kusaga, mikaratusi wakati wa kipupwe, Kalambo ukiwa kwenye mwamba wa juu, injini ya boti Kasanga kabla haijaondoka na abiria, bati la shule mvua inapoanza kwa matone na kumalizika kwa ukuta wa sauti. Andika tarehe, mahali na saa. Omba ruhusa kwa mwenye mashine, kwa kuwa sauti hiyo ni jasho lake.

Kisha rekodi hiyo usiitume kwenye kundi la familia. Mchague mtu mmoja wa mbali, Mwanza, Mombasa, Muscat, yeyote aliyeondoka Rukwa zamani na hajarudi. Mwambie saa, mahali na chombo. Mwambie ni ya dakika 20 na haina ngoma. Akikuuliza kwa nini anapaswa kusikiliza, mjibu kwamba umemchagua yeye. Hiyo ndiyo sababu bora ya kusikiliza chochote, na ndiyo nguvu yote ya pendekezo.